Fundi wa matangi ya bahari, Kibokoni, Mombasa: mwendo wa kobe, nyota nne

Duka la kunyolea nililonunua Majengo mwaka jana lilikuja na viti vitatu, kioo kimoja kilichopasuka pembeni, na tangi la samaki wa bahari la lita 300 ambalo muuzaji alilifunika kwa leso siku ile ya kunionyesha duka. Nilidhani ni kabati. Bei tumeshakubaliana, mkono tumeshapeana, ndipo nikaifunua ile leso.

Mwani ulikuwa mrefu kama kichwa ambacho hakijaona chanuo tangu Ramadhani iliyopita. Katikati ya mwani huo samaki wawili wa kahawia wenye mistari miwili myeupe, ndugu zao wale wa katuni ya Nemo, walikuwa wamejibanza nyuma ya jiwe. Kulikuwa na kangaja mmoja wa buluu, amekonda hadi mgongo umechongoka. Mawe yamepakwa utando mwekundu wa kuteleza. Tumbawe moja kubwa la ngozi, lile lenye umbo la uyoga, lilikuwa limeinama upande kama mtu aliyelala kwenye matatu. Ukingo wa kioo umeganda chumvi nyeupe, na ukifungua kifuniko inakupiga harufu ya yai viza.

Nimeandika haya kwa sababu nimeulizwa na wateja wasiopungua kumi ni nani aliyelifufua, na nimechoka kueleza huku nimeshika wembe. Ni mzee mmoja wa Kibokoni. Jina hataki liwekwe mtandaoni, na bango hana. Ukiingia vichochoro vya nyuma uliza fundi wa matangi, utaonyeshwa chumba chenye mapipa ya buluu mlangoni. Mimi namwita Ami. Yeye ananiita Kinyozi, hata leo, ingawa jina langu analijua.

Kabla yake nilikwenda kwenye duka moja la samaki wa mapambo. Kijana wa pale alikuja, akapiga picha tatu, akaniambia shilingi 95,000: wamwage maji yote, waoshe mawe, watie mchanga mpya, na baada ya siku mbili tangi liko tayari. Siku mbili! Nilivutiwa, siwafichi. Pesa ndiyo iliyonikosa, na huo mkoba mtupu ndio uliowaokoa samaki wangu, kwa jinsi Ami alivyokuja kunieleza baadaye. Wale vijidudu wasioonekana wanaogeuza uchafu wa samaki, amonia ikawa naitraiti, naitraiti ikawa naitreti, makao yao ni ndani ya mawe na mchanga. Ukiviosha vyote siku moja umewafukuza wafagiaji wa mji mzima, halafu unawarudisha wenyeji waishi na taka zao.

Ami alisema atakuja saa nne asubuhi. Alikuja saa saba na nusu, kwa tuktuk, na sanduku la plastiki la vifaa vya kuvulia. Alipoingia hakutazama samaki. Alipiga magoti akatazama ekstensheni iliyokuwa sakafuni chini ya tangi, imeota chumvi kama ukoga wa meno.

"Zima."

"Ami, nina mteja kwenye mashine."

"Zima, Kinyozi. Chumvi hii na stima ni mke na mume wasioelewana."

Mteja wangu alikaa nusu kichwa kimenyolewa, robo saa nzima. Ami aliipandisha ile ekstensheni ukutani, na kila waya wa pampu akauachia upinde ushuke chini kabla ya kupanda kwenye soketi, ili tone likifuata waya lidondokee sakafuni. Kwa hilo peke yake ningemlipa. Duka lina vitambaa, spiriti na nywele kila kona, na mimi usiku hulifunga nikaenda zangu Kisauni.

Kisha akatoa refraktomita, kile kidude kama darubini fupi, akatia tone moja la maji, akalielekeza mlangoni kwenye mwanga. Akanipa nami nichungulie. Mstari ulisimama kwenye 41. Bahari yetu ni kama 35, yaani gramu 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji.

"Maji yakipungua waongeza nini?"

"Maji ya bahari, Ami. Si ni samaki wa bahari hawa?"

Alicheka hadi akashika kiti. "Gongoni ushafika? Ushaona watengezavyo chumvi? Maji yaingizwa kidimbwini, jua layachukua, chumvi yabaki. Basi nawe hapa umefungua shamba."

Ndipo nikaelewa. Kinachopaa ni maji matupu. Chumvi haiendi popote. Tangu ninunue duka nilikuwa nimeongeza mitungi mitatu ya lita 20, na ndani ya mitungi hiyo, kwa hesabu aliyoifanya Ami nyuma ya pakiti ya sigara, mlikuwa na karibu kilo mbili za chumvi. Kilo mbili, kwa mkono wangu, kwa nia njema kabisa. Na maji yenyewe niliyachota Tudor, kule kwenye mikoko, kwa kuwa ni karibu. Hilo sikumwambia mpaka wiki ya tatu. Aliponiuliza mbona fosfeti, ile mbolea ya mwani, haishuki nikalitoa, akanyamaza muda, akasema, "Maji machafu ya mji mzima yaishia huko, Kinyozi, nawe wawapa samaki."

Dawa yake ilikuwa hii: kila asubuhi kabla ya kufungua, nitoe lita nne za maji ya tangi, nirudishe lita nne za maji ya RO, yale yaliyochujwa hadi hayana chumvi, kutoka duka la maji la jirani. Siku 12. Nilimwuliza kwa nini nisitoe lita 48 leo tukamaliza. Akasema samaki huenda wakavumilia, lakini tumbawe halina figo wala mlango, likikutana na maji mepesi ghafla linavimba na kupasuka ndani kwa ndani. Basi nikawa nafika dukani saa moja na kikombe cha kupimia. Siku ya 12 mstari ulikuwa kwenye 35 kamili. Nilimpigia simu kumwambia. Simu ilikuwa imezimwa. Hiyo ndiyo huduma yake, mjue mapema.

Sasa nije kwenye jambo ambalo lingeweza kunipeleka hospitali. Katika wiki ya kwanza niliudhika na yale mawe. Nikajiambia nitatoa moja moja, nimwagie maji yanayochemka, nisugue kwa brashi ya nguo, nirudishe safi. Nilikuwa nimeshaweka birika jikoni nyuma Ami alipoingia, kwa bahati siku hiyo kachelewa saa moja tu. Akaliona jiwe ndani ya beseni. Juu yake palikuwa na vile vidogo vya mviringo, kama vifungo vya shati, vya kijani na kahawia. Alinivuta kwa shati.

"Hivi vina sumu. Ukivichemsha mvuke waingia kifuani, mtalala nyote humu ndani."

Nilidhani ananitisha kama wazee wanavyotisha watoto na kisima. Baadaye nikasoma: sumu hiyo inaitwa palitoksini, ni miongoni mwa sumu kali kabisa zinazojulikana za viumbe wa bahari, na kuna watu waliougua nyumba nzima kwa kuchemsha mawe ya tangi. Tangu siku hiyo siingizi mkono bila glavu, na Ami mwenyewe huvaa miwani anapopasua jiwe. "Mato hayauzwi Marikiti," alisema.

Mwani aliuondoa kwa mkono, akiuzungusha kwenye mswaki wa mtoto kama anavyozungusha mtu tambi kwenye uma, kipande kidogo kila akija. Kila aking'oa ananyonya maji kwa mpira mwembamba palepale, uchafu usitawanyike. Mchanga alikataa kuuchimba. Ile harufu ya yai viza inatoka chini yake, alisema, ni hewa yenye sumu iliyolala mahali pasipofika oksijeni, na ukiuvuruga wote kwa mara moja unaiachia kwa samaki. Alifanya kiganja kimoja kila wiki, kuanzia pembe ya kulia. Nilihesabu: ilimchukua wiki tisa kufika pembe ya kushoto. Wateja walikuwa wakimuuliza kama analipwa kwa siku.

Na mwani haukuota wenyewe. Ami alikaa kwenye kiti cha kungojea saa nzima siku moja, hafanyi kitu, anatazama. Mwishoni akanipa habari za duka langu mwenyewe. Jua la alasiri linaingia mlangoni na kupiga tangi kuanzia saa tisa. Taa ya tangi inawaka tangu nifungue hadi nifunge, saa kumi na tatu. Watoto wanaoletwa kunyolewa wanatupia samaki vipande vya mahamri. Na kiti changu cha tatu kiko hatua moja na tangi, kwa hiyo kila nikimpulizia mteja sprei ya nywele, nusu inatua juu ya maji, pamoja na vinyweleo. Kweli, ukitazama kwa pembeni, juu ya maji palikuwa na utando unaong'aa kama mchuzi uliopoa.

Pazia likawekwa. Taa ikapewa kidude cha saa, inawaka kwa muda wa saa saba tu kwa siku. Mahamri yakapigwa marufuku, na bango likaandikwa. Kiti cha tatu kikahamishwa hadi kwenye mlango wa nyuma, ambako hakuna anayetaka kukaa, na hapo nina kinyongo kidogo, kwani Jumamosi kiti kile kilikuwa kikiniingizia. Nilimwomba ahamishe tangi badala ya kiti. Akasema tangi lenye maji na mawe ni zaidi ya kilo 300 na halihamishwi likiwa limejaa. Mazungumzo yakaisha.

Joto nalo. Ilikuwa mwezi wa tatu, kaskazi limekufa, hakuna upepo, na kipimajoto kilisoma 30.5. Mimi kwa ujinga nilikuwa nimeona hita ndani ya tangi nikadhani inafanya kazi njema. Ami aliichomoa akaniambia niiuze kwa mtu wa Limuru. Akafunga feni ndogo inayopuliza juu ya maji, na joto likashuka hadi 27 na ushei. Gharama yake ni kwamba maji sasa yanapaa haraka zaidi, lita tatu kwa siku, na lita tatu hizo ni za RO, si za bahari, somo nimeshalielewa. Ami alikuwa mzamiaji wa samaki wa mapambo ujanani mwake, na kuhusu joto hana mzaha. Mwaka 1998 bahari ilipopata moto alizama akakuta matumbawe yamekuwa meupe kote alikozoea, kama mtu kamwaga unga. Mengi hayakurudi. Alilisema hilo huku anakaza skrubu ya feni, hakuinua uso.

Kulikuwa pia na wale wadudu wa kahawia wanaoitwa aiptasia, wafupi, wana mikono kama kilele cha mnazi, na ukiwagusa wanajivuta ndani ya tundu. Ukimkata mmoja, vipande vinaota wengine. Hapa ndipo nilipompenda mzee huyu. Alitoa bomba la sindano na kikopo cha chokaa. Chokaa ya tambuu, nyeupe, isiyotiwa kitu, ileile anayopakia jani la mtambuu baada ya chakula. Akaikoroga nzito kama uji wa mgonjwa, akazima pampu, akamsogelea mdudu taratibu kama anayemvizia kuku, akamtilia tone mdomoni. Mdudu akajikunja, chokaa ikamfunika. Watano kwa siku, hazidishi, kwa sababu chokaa nyingi inaharibu maji. Kisha akajitilia iliyobaki kwenye jani.

Kuhusu maji mapya: yeye hayachoti ufukweni. Ana mvuvi anayemletea kutoka nje ya mwamba, maji yakiwa yanajaa, siku za bamvua, na mvua ikinyesha anasubiri. Anayaweka kwenye mapipa yaliyofunikwa, gizani, yatulie wiki mbili, pampu ya hewa ikipuliza. Kwangu alikuwa akibadilisha lita 30 kila wiki, yaani sehemu moja kwa kumi. Naitreti ilikuwa 80 siku ya kwanza. Mwezi wa nne wa kazi yake ilikuwa 10. Skima, ile mashine inayotoa uchafu kwa mapovu, ilikuwa imekwama kwa chumvi. Aliilaza kwenye siki usiku kucha, akabadilisha moyo wa pampu, na asubuhi ikaanza kutapika maji meusi kama kahawa tungu ya pale Ngomeni.

Lile tumbawe la ngozi lilinipa wasiwasi kuliko yote. Wiki ya sita lilijifunga kabisa. Likatoa utando wa kung'aa kama nta, uchafu ukagandia juu yake, na mimi nikaamua limekufa. Nilimpigia Ami mara nne. Alipokuja jioni alisogeza pampu moja kidogo tu, mkondo ulipige kwa ubavu. "Lavua nguo," akasema. "Mwache mtu avue nguo zake." Siku tatu baadaye nilikuwa namchonga mteja ndevu, nikaona kwenye kioo, mgongoni kwangu, utando umechanika upande mmoja na kupeperuka kama ngozi ya kuungua na jua. Chini yake ngozi mpya, rangi ya samli. Kesho yake vikachomoza vile vidole vidogo, mamia, kila kimoja na nyota nchani. Nilizima mashine nikaenda kutazama. Mteja naye akaja, na povu lake shavuni.

Kangaja hayupo tena. Ami alisema tangi langu ni chumba cha kulala kwa samaki anayetaka kiwanja, na akikosa nafasi atapata madoadoa ya maradhi kila mwezi. Kumrudisha baharini alikataa pia, akisema samaki aliyekaa na magonjwa ya tangi hapelekwi kwa wenziwe. Akamhamishia kwa mteja wake mmoja Nyali, mwenye tangi refu kuliko gari langu. Gari sina, lakini mmenielewa. Hakunilipa kwa samaki yule, nami sikudai, ila baadaye nimeambiwa kangaja wa namna ile ana bei nzuri. Nimelitaja tu. Nilikwenda kumwona; amenenepa.

Na nilipotaka kuongeza matumbawe, nikamwomba anizamie. Alikataa palepale. Sehemu kubwa ya bahari ya hapa mbele ni hifadhi tangu 1986, na matumbawe ya mawe yamo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hayauzwi nje kiholela. Lakini nadhani hata bila sheria angekataa.

Hesabu yangu kwa miezi minne: kuja kukagua mara ya kwanza 1,000, ziara 16 kwa 1,500 ni 24,000, mitungi 28 ya maji ya bahari kwa 150 ni 4,200, moyo wa pampu ya skima 3,500, vipimo vya matone 3,000, feni 1,800. Jumla 37,500. Risiti hatoi. Ukitaka risiti leta daftari lako, utie tarehe, atie sahihi.

Nyota moja nimeikata, na nitaeleza. Saa kwake ni mapendekezo. Mwezi wa Ramadhani baada ya futari humpati hata kwa baruti. Siku moja aliacha mpira ukinyonya maji akatoka kuzungumza na jirani, lita kumi zikaenda sakafuni, na nywele za siku nzima zikaelea hadi kizingitini. Alifuta mwenyewe, lakini duka lilinuka pwani siku mbili. Pia ana maneno mengi kwa wateja wangu. Mmoja alitoka hapa hajanyolewa, kaenda kununua samaki.

Stima zinapopotea msiwe na hofu naye. Alinipa pampu ya hewa inayotumia betri, inayojiwasha yenyewe umeme ukikatika, na ile haikuwa kwenye bili.

Wiki iliyopita alikuja bila kuitwa. Akatazama lile tumbawe la ngozi, ambalo sasa limepanuka hadi linawakinga jua wale vifungo walio chini yake, akaninyooshea kiganja.

"Wembe. Mpya."

Nikampa, nikaupasulia karatasi yake. Alikata kando ya tumbawe kipande cha ukubwa wa sarafu ya shilingi 20, bila kusita, mkono mwepesi, nami nilisimama nikimtazama kama mwanafunzi wangu anavyonitazama mimi. Akakifunga kwa uzi mweupe juu ya kijiwe, akakitia kwenye mtungi. Kuna mwanamke Mtwapa, alisema, ametoka kununua nyumba, na sebuleni amekuta tangi limefunikwa kwa leso.